Je, Wajua? Tembo, Punda na Wagombea Wasioonekana

Oktoba 2023 kampuni ya kura za maoni ya Gallup iliwauliza Wamarekani kama nchi yao inahitaji chama kikubwa cha tatu. Asilimia 63 walisema ndiyo, kiwango ambacho Gallup haikuwahi kukipata tangu ianze kuuliza swali hilo. Mwaka mmoja baadaye wakaingia vituoni, na zaidi ya asilimia 98 ya kura zikaenda kwa Donald Trump wa chama cha Republican na Kamala Harris wa chama cha Democratic. Mtu anasema amechoka, kisha anawarudia wale wale waliomchosha. Kwa nini? Jibu lipo zaidi kwenye kanuni kuliko kwenye mapenzi.

KATIBA HAIKUWATAJA

1. Je, wajua kwamba Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, haisemi lolote kuhusu vyama vya siasa? George Washington alichaguliwa mara mbili bila chama, na mara zote mbili kila mjumbe wa uchaguzi aliyepiga kura (wajumbe hawa ndio humchagua rais kwa niaba ya majimbo yao) alimpa yeye. Alipoaga mwaka 1796, aliwaonya wananchi wenzake dhidi ya ushabiki wa makundi ya kisiasa.

2. Je, wajua kwamba John Adams aliandika mwaka 1780 kuwa hakuna jambo aliloliogopa kama kuiona jamhuri ikigawanyika vyama viwili vikubwa? Miaka 16 baadaye akashinda urais kupitia kimoja kati ya vyama viwili vikubwa vya wakati huo.

3. Je, wajua rais wa mwisho aliyekuwa nje ya vyama vya Democratic na Republican ni nani? Ni Millard Fillmore wa chama cha Whig, aliyeondoka madarakani Machi 1853. Mwaka 1856 alijaribu kurudi kwa tiketi ya chama kingine, akaambulia jimbo moja tu, Maryland. Marais wengine wawili wa zamani, Martin Van Buren na Theodore Roosevelt, nao walijaribu kurudi kupitia chama cha tatu. Hakuna aliyefaulu.

4. Je, wajua kwamba hata Republican kiliwahi kuwa chama kigeni ukumbini? Kilianzishwa mwaka 1854 na watu waliopinga utumwa kuenea katika maeneo mapya ya nchi, wakati Whig kikisambaratika. Mwaka 1860 Abraham Lincoln alishinda kwa asilimia chini ya 40 ya kura, kwa sababu wagombea wakubwa walikuwa wanne. Tangu hapo hakuna chama kipya kilichofika Ikulu.

5. Je, wajua kwamba punda wa Democratic na tembo wa Republican walipata umaarufu kwa kalamu ya mtu mmoja? Ni Thomas Nast, mchora katuni mzaliwa wa Ujerumani, katika jarida la Harper's Weekly miaka ya 1870.

HESABU ZINAZOUMA

6. Je, wajua mtu anaweza kupata kura milioni 19.7 asipate hata mjumbe mmoja wa uchaguzi? Ndivyo ilivyomkuta bilionea Ross Perot mwaka 1992. Karibu mpiga kura mmoja kati ya watano alimchagua, lakini hakuongoza katika jimbo lolote. Karibu majimbo yote humpa mshindi wajumbe wote, hivyo anayeshika nafasi ya pili au ya tatu huondoka mikono mitupu. Bill Clinton, kwa asilimia 43 tu ya kura, alikusanya wajumbe 370.

7. Linganisha sasa na mwaka 1948. Strom Thurmond, aliyetetea ubaguzi wa rangi, na Henry Wallace, aliyeupinga, walipata kila mmoja kura zaidi ya milioni 1.1. Thurmond akavuna wajumbe 39, Wallace sifuri. Kura za Thurmond zilirundikana majimbo ya Kusini, za Wallace zilitawanyika nchi nzima. Mfumo humlipa mwenye ngome, hata akiwa mgombea wa ukanda mmoja, na humwadhibu mwenye wafuasi kila pembe.

8. Je, wajua chama cha tatu kiliwahi kukishinda kimoja kati ya vile vikubwa? Mwaka 1912 Theodore Roosevelt, rais wa zamani, alikosana na Republican na kugombea kwa tiketi ya chama kipya cha Progressive. Oktoba 14, mjini Milwaukee, alipigwa risasi kifuani. Karatasi nene za hotuba na kasha la miwani mfukoni vilipunguza kasi ya risasi, naye akahutubia kwa zaidi ya saa nzima kabla ya kwenda hospitali. Alipata asilimia 27 na wajumbe 88. Rais William Howard Taft wa Republican akabaki na wajumbe 8. Lakini aliyeingia Ikulu ni Mdemokrat Woodrow Wilson, kwa kuwa wale wawili waligawana wafuasi.

9. Je, wajua kwamba mwaka 2000 George W. Bush alilitwaa jimbo la Florida, na pamoja nalo urais, kwa tofauti ya kura 537? Ralph Nader wa chama cha Green alipata kura 97,488 katika jimbo hilo, na hadi leo Wademokrat wengi wanamlaumu. Wanachosahau ni kwamba kila mgombea mdogo aliyekuwa kwenye karatasi ya kura ya Florida, hata yule wa mwisho kabisa mwenye kura 562, alizidi tofauti hiyo.

10. Je, wajua mwanazuoni Mfaransa Maurice Duverger alilieleza jambo hili tangu mwaka 1951? Panapogombewa kiti kimoja, na mwenye kura nyingi akakitwaa hata bila kufika nusu, vyama huelekea kubaki viwili. Mpiga kura anaogopa kura yake isije ikapotea bure. Anamwacha anayempenda, anampa yule anayemchukia kidogo.

11. Je, wajua nini hutokea asipopatikana mwenye wajumbe 270, yaani wingi unaotakiwa kushinda? Marekebisho ya 12 ya Katiba yanalipa Baraza la Wawakilishi kazi ya kumchagua rais kati ya watatu wa juu, na kila jimbo linakuwa na kura moja. Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, inakuwa sawa na California yenye karibu milioni 39. Kwa hiyo hata mgombea wa tatu akifanikiwa kuwazuia wakubwa wote wawili, uamuzi unarudi kwa wabunge wa vyama vile vile.

MLANGO WA KARATASI YA KURA

12. Je, wajua kwamba zamani Serikali haikuchapisha karatasi za kura Marekani? Vyama vyenyewe vilizichapisha na kuwagawia watu, hivyo chama kipya kilihitaji mashine ya kuchapia tu. Kuanzia mwaka 1888, Massachusetts ikitangulia, majimbo yalianza kuchapisha karatasi moja rasmi ili kura iwe ya siri. Hongo na vitisho vikapungua. Lakini anayechapisha karatasi ndiye anayeamua jina la nani liwemo.

13. Je, wajua kwamba hakuna kanuni moja ya kitaifa ya kuingia kwenye karatasi hiyo? Tennessee inamtaka mgombea binafsi wa urais saini 275 tu. Texas, mwaka 2024, ilitaka zaidi ya 113,000, na aliyepiga kura katika mchujo wa chama mwaka huo haruhusiwi kumsainia. California ilitaka zaidi ya 219,000. Fedha na miezi ambayo mkubwa anaitumia kwenye mikutano ya hadhara, mdogo anaimalizia barabarani akiomba saini, na mara nyingi mahakamani akizitetea.

14. Je, wajua kutoka nako kunaweza kuwa kugumu kama kuingia? Robert F. Kennedy Jr. alitumia miezi mingi akipigania jina lake liwemo kama mgombea binafsi. Agosti 2024 akasitisha kampeni, akamuunga mkono Trump, kisha akaenda mahakamani kutaka jina hilo liondolewe katika majimbo yenye ushindani mkali. Michigan na Wisconsin zilikataa, na jina likabaki.

15. Je, wajua kwamba mwaka 2024 Wamarekani 43 kati ya 100 waliiambia Gallup kuwa hawajitambulishi na chama chochote? Hata hivyo, katika majimbo kama Florida, New York na Pennsylvania, asiyejiandikisha na chama hapigi kura katika mchujo wa vyama, ingawa mchujo huo unaendeshwa kwa kodi yake pia.

16. Je, wajua chama kidogo kiliwahi kuwa na njia ya kupata nguvu bila kumharibia mtu? Kilimsimamisha mgombea yule yule wa chama kikubwa, na kura za pande zote mbili zikajumlishwa. Mwaka 1960 John F. Kennedy alilichukua jimbo la New York kwa tofauti ya kura kama 384,000, na zaidi ya 400,000 kati ya kura zake zilipigwa kwenye mstari wa Liberal Party. New York bado inaruhusu utaratibu huo, lakini majimbo mengi yameupiga marufuku. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliyapa haki, ikisema jimbo linaweza kuona kuwa mfumo imara wa vyama viwili unafaa kwa utulivu wa siasa.

17. Je, wajua tume inayosimamia fedha za kampeni za kitaifa ina nafasi sita za makamishna, na sheria inasema wasizidi watatu kutoka chama kimoja? Kwa kawaida nafasi hizo zimegawanywa tatu kwa tatu kati ya vyama viwili vikubwa. Waamuzi wa mechi wanateuliwa na timu mbili, na timu ya tatu haina wake.

JUKWAA LA MDAHALO

18. Je, wajua aliyewahi kuendesha midahalo ya urais ni chama cha kiraia cha wanawake, League of Women Voters? Mwaka 1980 kilimwalika mgombea binafsi John Anderson, Rais Jimmy Carter akasusa, na mdahalo ukafanyika bila yeye. Mwaka 1987 wenyeviti wa Democratic na Republican waliunda tume yao ya midahalo. Mwaka uliofuata wanawake hao walijitoa, wakisema hawatakuwa chombo cha kuwalaghai wapiga kura.

19. Je, wajua kwamba tangu Perot mwaka 1992 hakuna mgombea wa tatu aliyesimama kwenye mdahalo wa urais wa uchaguzi mkuu? Kuanzia mwaka 2000 tume ilidai mgombea awe na asilimia 15 katika kura za maoni. Hapo ndipo kitanzi kilipo: bila kuonekana hufiki 15, na bila 15 huonekani. Oktoba mwaka huo Nader alifika kwenye mdahalo wa Boston akiwa na tiketi ya ukumbi wa pembeni wa kutazamia tu, akazuiwa kuingia.

20. Je, wajua kwamba Jill Stein wa Green, ambaye jina lake lilikuwa kwenye karatasi za kura za majimbo mengi, alikamatwa Oktoba 2012 akijaribu kuingia kwenye eneo la mdahalo, Chuo Kikuu cha Hofstra? Yeye na mgombea mwenza wake, Cheri Honkala, walifungwa pingu kwenye viti kwa saa kadhaa. Waliachiwa baada ya mdahalo kwisha.

WALIOPITA BILA KUONEKANA

21. Je, wajua mwanamke aligombea urais wa Marekani miaka 48 kabla ya wanawake kupewa haki ya kura nchi nzima? Ni Victoria Woodhull, mwaka 1872. Siku ya uchaguzi alikuwa rumande New York, kwa shtaka la kuchapisha gazetini kashfa ya ngono ya mhubiri mashuhuri. Chama chake kilimtaja Frederick Douglass, mtumwa wa zamani na mwanaharakati mkubwa, kuwa mgombea mwenza. Douglass hakuwahi kuukubali uteuzi huo.

22. Je, wajua kwamba mwaka 1904, zaidi ya karne moja kabla ya Barack Obama kushinda, mwandishi wa habari Mweusi George Edwin Taylor aliteuliwa na chama cha Weusi kugombea urais? Baba yake alikuwa mtumwa. Wakati huo majimbo ya Kusini yalikuwa yameshawanyang'anya Weusi wengi haki ya kupiga kura.

23. Je, wajua mfungwa aliwahi kupata kura zaidi ya 900,000? Msoshalisti Eugene Debs alihukumiwa miaka 10 kwa hotuba aliyoitoa Canton, Ohio, mwaka 1918 kupinga vita. Mwaka 1920 aligombea akiwa gereza la Atlanta, na beji za kampeni zilibeba namba yake ya kifungo, 9653. Aliyemfungulia mlango Desemba 1921 ni Rais Warren Harding, mpinzani aliyemshinda.

24. Je, wajua mwanamke Mweusi wa kwanza kuteuliwa na chama kugombea urais ni Charlene Mitchell wa chama cha Kikomunisti, mwaka 1968? Anayekumbukwa ni Shirley Chisholm, aliyeingia kwenye mchujo wa Democratic mwaka 1972. Ukigombea ndani ya chama kikubwa, hata ukishindwa unaandikwa.

25. Je, wajua kwamba mwanamke wa kwanza kupata kura ya mjumbe wa uchaguzi alitoka kwenye chama kilichopata kura zisizofika 4,000? Mwaka 1972 mjumbe wa Virginia, Roger MacBride, alipaswa kumpa kura Richard Nixon. Akakaidi, akawapa John Hospers na mwenzake Tonie Nathan wa chama cha Libertarian.

26. Je, wajua nani alikuwa mwanamke wa kwanza, na Mweusi wa kwanza, kuwa mgombea urais kwenye karatasi za kura za majimbo yote 50? Ni mwanasaikolojia Lenora Fulani wa New Alliance Party, mwaka 1988. Alipata kura zaidi ya 200,000, na ni wachache leo wanaolitambua jina lake.

WALISHINDWA, ILANI ZIKASHINDA

27. Je, wajua kodi ya mapato inayopanda kulingana na kipato, na maseneta kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, yalikuwa madai ya chama cha wakulima? Chama cha Populist kiliyaandika kwenye ilani yake mjini Omaha, Julai 4, 1892. Mgombea wake, James Weaver, alipata kura zaidi ya milioni moja na wajumbe 22. Kufika mwaka 1913 Katiba ilikuwa imerekebishwa ili kuruhusu yote mawili. Chama kilikuwa kimeshafifia, baada ya Democratic kukichukulia agenda na mgombea pia.

28. Je, wajua kwamba chama cha tatu kikongwe kuliko vyote vilivyo hai ni Prohibition Party, kilichoanzishwa mwaka 1869 kupinga pombe? Hakijawahi kutoa rais, lakini mwaka 1919 Katiba ilipiga marufuku biashara ya vileo nchi nzima. Marufuku iliondolewa mwaka 1933. Chama kingali kinasimamisha wagombea.

29. Je, wajua Norman Thomas wa chama cha Kisoshalisti aligombea urais mara sita mfululizo, tangu 1928 hadi 1948? Alihubiri pensheni za uzeeni na bima ya wasio na kazi. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyoyabeba yote mawili.

30. Je, wajua kwamba Mbunge Ilhan Omar, aliyeishi kambi ya wakimbizi nchini Kenya utotoni, hayuko katika chama kinachoitwa Democratic tu? Katika Minnesota jina kamili ni Democratic-Farmer-Labor. Farmer-Labor kilikuwa chama cha tatu chenye nguvu hadi kutoa magavana katika miaka ya 1930. Mwaka 1944 kiliungana na Democratic, na jina likabaki.

NYUFA UKUTANI

31. Je, wajua kuna seneta aliyeshinda jina lake likiwa halimo kwenye karatasi ya kura? Mwaka 2010 Lisa Murkowski wa Alaska alishindwa kwenye mchujo wa Republican, akawaomba wapiga kura waliandike jina lake kwa mkono. Kampeni iligawa bangili zenye jina hilo ili watu wasikosee herufi. Alishinda.

32. Je, wajua jiji la New York liliwahi kugawa viti vya baraza lake kwa uwiano wa kura? Kuanzia uchaguzi wa 1937 vyama vidogo vilipata viti, na mwaka 1943 Mkomunisti Mweusi Benjamin Davis wa Harlem akachaguliwa. Mwaka 1947 utaratibu huo ulifutwa. Haukufutwa kwa kushindwa kazi, ulifutwa kwa kuifanya.

33. Je, wajua jimbo la Maine lilichoka vipi? Mwaka 2010 Mrepublikan Paul LePage alipata ugavana kwa takriban asilimia 38, mgombea binafsi Eliot Cutler akimfuata kwa karibu, na Mdemokrat akiwa wa tatu kwa mbali. Mwaka 2016 wananchi waliamua kuwapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa mwisho akitolewa, kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. Mwaka 2018 Mdemokrat Jared Golden alikuwa nyuma katika hesabu ya kwanza, akashinda ubunge baada ya kura za wagombea binafsi wawili kugawanywa upya. Hakuna aliyeweza kuwaambia wafuasi wao kwamba wametupa kura.

34. Je, wajua Bunge la Nebraska lina chumba kimoja tu tangu 1937, na wagombea wake hawaandikwi chama kwenye karatasi ya kura?

35. Je, wajua kwamba kanuni mbili zinazobana zaidi zinaweza kubadilishwa bila kugusa Katiba? Kiti kimoja kwa kila eneo la uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi kimewekwa na sheria ya kawaida ya mwaka 1967. Mshindi kuchukua wajumbe wote ni uamuzi wa kila jimbo; Maine iliuacha utaratibu huo kwa sheria ya 1969 na Nebraska kwa sheria ya 1991. Wingi wa kawaida wa kura bungeni unaanzisha safari. Kura zenyewe, hata hivyo, ni za wabunge ambao karibu wote ni Wademokrat au Warepublikan, na kila mmoja wao aliingia bungeni kwa kanuni anazoombwa azifute.